Kiwanja cha Nyuki cha Akina Mama

Machi 14, 2015, Jumamosi

Leo nimechaguliwa mwenyekiti wa bustani ya nyuki, na sikuomba. Nilikuwa jikoni mwa kanisa naosha vikombe. Niliporudi ukumbini akina mama walikuwa wanapiga makofi, nikadhani wanashukuru chai. Kumbe Mama Nzigire, Mkongo wa Bukavu, kiongozi wa kwaya, alikuwa ananivika kilemba cha ukoka mbele ya wote: Mama Angelika ndiye aliyesoma hadi sekondari kambini Tanzania, Mama Angelika ndiye anayewaelewa Wamarekani wakiongea haraka. Maana yake, kazi ataifanya Mama Angelika, yaani mimi.

Mambo yenyewe ni haya. Kando ya jengo tunalosalia hapa Newburg kuna kiwanja kitupu. Mwenyewe ni mzee mmoja wa Kimarekani, huyo huyo anayetupangisha jengo. Shirika fulani la hapa Louisville limemwomba akiazime kwa msimu mmoja, akina mama wapande maua yanayovuta nyuki, kwa kuwa nyuki wa nchi hii wanakwisha. Nusu maua, nusu mboga zetu. Tukifaulu tunapewa miaka mitatu mingine. Tukishindwa mzee anakichukua, na sote tunajua atampa nani. Mchungaji Rugaba anakitaka kiwe cha kuegesha magari. Hajaficha, amelisema kwenye matangazo ya Jumapili hadi watoto wanalijua.

Sylveri, mume wangu, alicheka mpaka ugali ukamtoka mdomoni. "Watu wamekimbia vita Burundi, wamezeekea kambini, wamefika Amerika, sasa wanapandia nyuki maua." Nimemnyima mchuzi.

Machi 28

Mafunzo ya lile shirika. Mwalimu ni mama mtu mzima mwenye mikono ya udongo, kila mtu anamwita Miss Darlene. Kwetu walikuja wangapi? Mimi peke yangu. Wengine wana zamu, wengine wana watoto, Mama Nzigire ana mazoezi ya kwaya. Mimi sina zamu? Ghala la viatu ninalofungia maboksi wiki nzima ni la nani?

Hata hivyo nimejifunza. Nilikuwa na hamu ya waridi jekundu, lile la kujazana. Miss Darlene akatikisa kichwa. Nyuki hauoni wekundu, na ua lenye petali nyingi kama gauni la bibi harusi halina chavua wala utamu wa kutosha, na hata kama linao, nyuki hapati mlango. Chagua ua lililo wazi kama sahani, la bluu, zambarau, njano au jeupe. Panda la aina moja mahali pamoja, fungu kubwa, ili nyuki aone kutoka mbali. Likiisha hili liwe linachanua lile, tangu sasa hadi baridi ianze kuua mimea. Wala usipulize dawa. Akasema pia kwamba boga bila nyuki litatoa maua, maua, maua, kisha litakunyima boga. Hilo lilinishika. Mwaka jana maboga yangu nyumbani Beechmont yalifanya hivyo hivyo nikadhani nimerogwa na udongo.

Nimeandika yote. Akina mama nitawaonyesha pa kuchimba, inatosha. Aliyetaka kujua angekuja.

Aprili 4

Mvua. Kiwanja kimekuwa bwawa. Kaka yangu Revokatus amepiga simu kutoka Buffalo, anasema mtaani kwake Black Rock bado wanakoroga theluji na matope. Akaniuliza kama ni kweli nafuga nyuki. Nikamwambia sifugi, napanda maua. Akauliza ya kuuza? Nikakata simu.

Aprili 25

Nimegombana na Mama Nzigire. Anataka kiwanja chote kiwe maharage na lengalenga, ule mchicha wetu. Nikamwambia nusu ni maua. Akasema, "Bon, hiyo nusu ya maua ikae kule nyuma." Nikasema maua yatakaa mbele, barabarani, ndivyo tulivyoahidi. Tukatazamana. Yeye ana umbo la mlango na sauti ya kipaza sauti, lakini nami si wa kuogopa mlango.

Jambo jingine. Miss Darlene ametuomba tuache baadhi ya mboga zichanue, hasa chainizi, kwa kuwa maua yake ya njano nyuki wanayapenda sana. Kuwaeleza akina mama hilo ni kama kuwaambia watembee bila kitambaa cha kichwa. Kwetu mboga ikitoa maua shambani, mwenye shamba ni mvivu au amekufa. Majani huchumwa machanga.

Mei 2

Leo ni zile mbio kubwa za farasi za kila mwaka. Mji mzima umevaa kofia. Watu wa hapa hawapandi nyanya kabla ya mbio kupita. Jumamosi ijayo tunaanza.

Mei 9

Tumepanda. Mbele nimeweka boraji, fungu refu. Ni mmea wa majani mapana yenye manyoya, ua lake ni la bluu. Kando yake alizeti, mnanaa wa porini wa huku wenye maua ya zambarau, mrihani, na zinia za petali chache. Pembeni yale ya mizizi ya kudumu, yanayorudi kila mwaka yenyewe. Nyuma maboga, maharage, lengalenga, chainizi. Akina mama walichimba vizuri, siwezi kusema uongo. Waliuliza hili ni nini na lile ni nini. Nikawaambia chimbeni kwanza, nachelewa zamu.

Mei 13

Bujumbura wanajeshi wanajaribu kumpindua rais. Simu, redio, simu. Sikupanda kitu.

Mei 14

Vile vile.

Mei 30

Magugu. Tuliofika ni wawili, mimi na Mama Kavugho, mjane kutoka Butembo. Wengine "tutakuja wiki ijayo". Jumapili wanapita kiwanjani na viatu virefu wakisema, eh, imependeza.

Juni 20

Boraji imechanua, nami nimekaa chini kama mtoto. Nyuki walikuwa wengi, wadogo wa asali na wale wanene wenye manyoya wanaolia kama pikipiki mbovu. Maboga nyuma yameanza kushika. Sikuwa na hasira na mtu hata mmoja kuanzia asubuhi hadi saa ya kazi. Nimemwita binti yangu Angelika aje aone. Ana miaka kumi na tano, akanijibu kwa Kiingereza bila kuinua macho kwenye simu kwamba ni nyuki tu. Basi hasira ikarudi nyumbani kwake.

Julai 4, Jumamosi

Nimeandika sentensi hii mara nyingi nikaifuta. Wamekula bustani.

Leo ni sikukuu ya Wamarekani, nasi tulikuwa na wageni, kwaya ya wenzetu kutoka Columbus, basi zima. Mimi nilikuwa kazini, sikukuu wanalipa zaidi. Nilitoka mchana nikaenda moja kwa moja kanisani kusaidia kugawa chakula. Nikaingia ukumbini, kuna wali, kuna samaki, kuna sufuria kubwa la mboga ya majani na karanga. Harufu yake sikuijua. Mama Kavugho akanipakulia. Nikala. Ilikuwa tamu, Mungu anisamehe, nikaomba tena. Mchungaji Rugaba alikuwa meza ya wageni akila sahani ya pili na kuwaambia watu wa Columbus kwamba hii ni ya shamba la akina mama wetu, mbichi, imetoka hapo nje.

Hapo nje. Nikaweka kijiko chini. Nikatoka.

Fungu zima la boraji lilikuwa vijiti. Majani yote, vichwa vyote vya maua, vyote vimechumwa kwa ustadi, tena bila kung'oa mizizi, kama mtu anayetegemea kurudi. Zinia ziko, alizeti ziko, kwa sababu hazifanani na mboga. Nyuki walikuwa bado wanazunguka juu ya vijiti wakitafuta.

Nilirudi ndani nikiwa nimefura. Wageni na kwaya yetu walikuwa wanaimba pamoja. Nikamuuliza Mama Kavugho nani alipika ile mboga, akanielekeza kwa kidevu. Nikamwendea Mama Nzigire palepale kwenye mstari wa kwanza wa kwaya, nikamshika mkono, nikamwambia kwa sauti ambayo nadhani ilisikika Columbus kwenyewe kwamba yeye ni mharibifu, mlafi, kwamba miezi minne ya mgongo wangu imo ndani ya sufuria lile. Kinanda kikanyamaza. Angelika alikuwa mlangoni amejifunika uso. Mchungaji akasema, "Wapendwa, tuombe."

Sikuomba. Nilienda nyumbani kwa basi nikiwa nimesimama ingawa viti vilikuwa vitupu.

Julai 5

Mama Nzigire amekuja nyumbani, peke yake, kabla ya ibada. Hakukaa. Nimeandika maneno yake kama alivyoyasema ili nisijidanganye baadaye.

"Mama Angelika, jana ulinitukana mbele ya bageni. Nilinyamaza. Leo usikilize miye. Ulitupatia majembe, ulituonesha fasi ya kuchimba, ukaenda ku kazi. Tukikuuliza hii ni nini, unasema chimbeni. Donc, nani alituambia kama hii majani haikuliwake? Niliona majani mapana, iko na manyoya sawa ya maboga. Nikaisugua, nikaitia karanga. Bageni balijaa basi nzima. Ulitaka nibapikie nini, maboksi ya viatu?"

"Yalikuwa maua ya nyuki," nikasema.

"Basi ungesema ni maua ya nyuki."

Akashuka ngazi. Nimekasirika siku nzima, na kinachonichoma zaidi ni kwamba leo sijui vizuri nimkasirikie nani.

Julai 9

Miss Darlene alikuja kukagua, siku mbaya kuliko zote. Mvua ilikuwa imelaza alizeti, boraji vijiti. Nilimweleza ukweli. Akauliza boraji ilikuwa na ladha gani. Akasema majani yake kweli huliwa, na kwamba nikikata vijiti na kupanda mbegu mpya sasa hivi, kabla ya Septemba nitakuwa na maua tena.

Mchungaji alikuwa anatuangalia kutoka mlango wa kanisa, amekunja mikono.

Julai 12

Mchungaji amesema kwenye matangazo: "Tunashukuru bamama kwa kujaribu." Kujaribu!

Julai 18

Nimewaita akina mama wote, nikaomba radhi kwa kelele za siku ile, kisha nikawatembeza mmea kwa mmea. Hili ni la nini, linachanua lini, nyuki gani hulifuata, kwa nini liko karibu na boga. Nilidhani watachoka. Mama Nzigire aliuliza maswali kuliko wote, hasa ya kunitega. Mwisho akaenda kwenye tuta lake la chainizi, akasimama, akasema hili tuta asiliguse mtu, liachwe lichanue. Mama Kavugho akashika kinywa. Mama Nzigire akasema, "Batu baseme miye ni mvivu. Banijue basi."

Julai 25

Joto na mvua, mvua na joto. Boraji mpya imeota. Mama Nzigire anatunza wazee kwenye majumba yao, na kila akitoka anapitia kiwanjani na sare yake kung'oa magugu. Hatuongei sana. Ananiachia upande wangu, namwachia wake.

Agosti 1

Chainizi yake imechanua njano. Nyuki wamejaa hadi inasikika ukiwa barabarani. Amekaa mbele yake kwenye ndoo iliyogeuzwa, mikono mapajani. Maboga yameshika kila mahali. Hata maharage.

Agosti 9, Jumapili

Changarawe. Mchungaji ametangaza kwamba mwenye kiwanja amekubali, tutakodi kwa ajili ya magari, lori la changarawe linakuja Jumatatu ya tarehe ishirini na nne. Wazee wa kanisa wamekwisha kukaa na kuamua. Mwenye kiwanja aliambiwa bustani ilishindwa Julai. Nani alimwambia? Tena baada ya kula sahani mbili!

Nilimpigia Miss Darlene. Amesema mzee ana haki ya kukichukua akitoa taarifa ya wiki mbili, ndivyo walivyokubaliana. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezoea kushindwa, nikamkasirikia yeye pia.

Agosti 12

Nimevunja sahani. Sylveri aliokota vipande bila kucheka.

Agosti 15

Tulimwendea mchungaji ofisini, mimi na Mama Nzigire. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita, na alituvuruga kwa kuwa mpole. Alitupa viti, akasema, "Bamama, sina kinyongo na nyuki. Mais muone Mzee Gatsinzi na ile miguu yake. Anaegesha mbali, anatembea ku barafu, mwaka jana alianguka. Na polisi banaandikia batu faini bakiegesha ku barabara. Miye nitamwambia nini?"

Mzee Gatsinzi kweli alianguka. Nilimwona mimi mwenyewe. Sikupenda kulikumbuka mle ofisini.

Nikasema angoje hadi Oktoba, maua yaishe, mboga zivunwe. Akasema lori limekwisha kulipiwa. Nikasema angetuuliza. Akasema wazee walikaa. Nikauliza kati ya wazee hao kuna mwanamke? Akaangalia Biblia yake iliyofungwa. Kisha akatutuliza kwa maneno haya, na ninayaandika kwa herufi nzuri: "Msihuzunike. Maua inamea fasi yote."

Tulipotoka nilibamiza mlango. Mama Nzigire alikuwa anafikiri, na uso wake ulikuwa umetulia.

"Mama Angelika," akasema, "kule kambini kwenu Tanzania, shamba ya pasta ilikuwa inalimwa na nani?"

"Na waumini," nikasema. "Kila msimu."

"Na kwetu ku Bukavu vile vile. Pasta akikuta bamama bamekuja kumulimia, anaweza kubafukuza?"

Nikasimama katikati ya barabara, gari likanipigia honi. Hakuna mchungaji anayekataa kulimiwa. Ni sadaka. Akikataa jembe lako amekataa sadaka yako, na hakuna muumini atakayesahau.

"Hana shamba," nikasema.

"Iko na nyumba ku Beechmont," akasema Mama Nzigire. "Aliinunua. Iko na majani mbele, mazuri, ya bure."

Agosti 18

Tumekuwa ishirini na wawili. Hata wale wa "wiki ijayo". Wanaume hatujawaambia, isipokuwa Sylveri, kwa sababu ana gari la mizigo. Alikwenda kuangalia upepo wa matairi.

Agosti 21

Miss Darlene ameniambia kuhamisha mimea kwenye joto la Agosti ni wazimu. Baadaye akaniambia namna ya kufanya: mwagilia usiku wa kuamkia, kata majani nusu, chimbua pamoja na udongo wake, funika kwa gunia bichi. Boraji nyingi itakufa, ina mzizi mrefu, ila mbegu zake zimekwisha kudondoka, tuchukue ule udongo wa juu. Ya kudumu yatapona.

Agosti 22, Jumamosi

Tulianza kuchimbua kabla jua halijapata nguvu. Mboga zilizokomaa tulivuna, maboga tukagawana, kila mmoja lake. Sikulia. Mama Kavugho alilia kwa niaba ya wote, na jembe lake halikusimama.

Tulifika kwa mchungaji gari la mizigo likiwa limejaa na magari sita nyuma yake. Uwanja wake wa mbele ni mpana, nyasi zake zimenyolewa kama kichwa cha askari. Kila Ijumaa jioni huzikata mwenyewe, kila mtu anajua. Tulishuka na majembe, tukajipanga, Mama Nzigire akaanzisha wimbo wa kulimia, ule wa kuitikiana, kwa sauti yake yote. Jirani wa Kimarekani aliyekuwa anatembeza mbwa alisimama.

Mchungaji Rugaba akatoka na kaptura na ndala.

"Bamama," akasema. "Nini?"

"Pasta," akasema Mama Nzigire, akipiga goti vizuri kabisa, kama inavyotakiwa, "tumekuja kukulimia."

Alitazama majembe. Alitazama magunia mabichi kwenye gari, na vichwa vya zambarau vilivyochungulia. Anatoka kijiji cha Masisi, Kongo, ambako baba yake naye alikuwa mchungaji, alikula mahindi ya shamba lililolimwa hivi hivi. Nilikuwa nimekasirika tangu Machi, na sijawahi kuona hasira yangu ikikaa pazuri kama pale, kifuani mwangu, imetulia na jembe mkononi.

Akasema mwishowe, "Mungu abariki kazi ya mikono yenu."

Jembe la kwanza lilikuwa langu. Nyasi zile zina mizizi migumu, zinakatika kwa sauti ya nguo inayochanwa. Mkewe, Gentille, akatokea mlangoni na kitenge begani. Nilidhani atapiga kelele. Alituangalia, akaangalia mgongo wa mumewe, akazunguka nyumba na kurudi anavuta mpira wa maji. "Bomba iko huku," akasema. "Inafika hadi ku barabara."

Tulilima uwanja wote wa mbele. Maua tukayaweka mafungu mafungu, kila aina pamoja, upande wa barabara. Chainizi ya Mama Nzigire tukaipanda chini ya dirisha la sebule. Njia ya kuingia mlangoni tuliiacha, ya upana wa mtu mmoja. Tulipomaliza kumwagilia jua lilikuwa kali na nusu ya mimea imelala kama imekufa. Lakini nyuki wawili watatu walikuwa wamekwisha kuja, sijui kutoka wapi, wakaanza kazi kwenye maua yaliyobaki wima.

Kisha tukasimama kusubiri, kwa sababu mchungaji akilimiwa huwaombea waliomlimia. Akasimama kwenye ile njia nyembamba, maua kulia, maua kushoto. Mchungaji wetu huomba hadi watoto wanasinzia. Leo nyuki mmoja mnene alitua kwenye mkono wake ulioinuliwa, na maombi yakaisha tukiwa ndiyo kwanza tumefumba macho. Nikasema Amina kuliko wote.

Jumatatu lori litamwaga changarawe pale Newburg, na Mzee Gatsinzi ataegesha karibu na mlango. Haya, aegeshe. Sijawasamehe waliokaa bila sisi, na sioni haraka ya kufanya hivyo.

Tulipokuwa tunapakia majembe mchungaji akanifuata garini. Akashusha sauti.

"Mama Angelika, hizi maua zinaishaka mwezi gani?"

Nikamwambia ukweli, taratibu, kama Miss Darlene alivyonifundisha. Mengine yatakufa baridi ikiingia. Yale ya pembeni yana mizizi ya kudumu, yatalala tu, mwakani yataamka yenyewe na kutanuka, na mwaka unaofuata yatatanuka zaidi. Wala asipulize dawa, wala asipitishe mashine ya nyasi.

"Na bamama?" akauliza.

Mama Nzigire alikuwa amekwisha kupanda gari, akamjibu kutoka dirishani.

"Kila Jumamosi, Pasta. Shamba yako hatuwezi kuiacha."